Ukiumwa na Si Dharura, Uanzie Wapi?

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Mada niliyopewa ni fupi: mtu anaumwa, lakini si ugonjwa wa kukimbizwa usiku, aanzie wapi? Naomba nianze na hesabu moja, na mniwie radhi wale msiopenda tarakimu, maana bila hesabu hii nitakayoyasema baadaye yataonekana ni maoni yangu tu.

Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Kerr White, na wenzake walichapisha makala kuhusu watu wazima 1,000 katika muda wa mwezi mmoja. Hawakuanzia hospitalini kama ilivyokuwa kawaida ya watafiti. Walianzia kwa watu majumbani mwao, wakitumia takwimu za Marekani na Uingereza. Wakakadiria kwamba kati ya watu 1,000, watu 750 huugua au huumia kwa namna moja au nyingine ndani ya mwezi. Wanaokwenda kumwona daktari ni 250. Wanaolazwa ni 9. Wanaopewa rufaa kwenda kwa daktari mwingine ni 5. Na anayefika hospitali kubwa ya chuo kikuu ni 1. Mmoja tu. Mwaka 2001, miaka 40 baadaye, Larry Green na wenzake walirudia hesabu hiyo huko Marekani. Dawa mpya zilikuwa zimeshaingia, mashine mpya zimeshanunuliwa, lakini sura ya hesabu ilikuwa ileile: wenye dalili 800, waliofika chumba cha dharura 13, waliolazwa 8, na aliyefika hospitali ya chuo kikuu hakutimia hata mmoja.

Sasa fikirini. Madaktari na wauguzi wengi tulifundishwa kwa kumtazama yule mmoja. Nanyi wagonjwa mmezoea kuamini kwamba jengo lenye ghorofa nyingi ndilo lenye tiba bora kwa kila kitu. Mimi nasema, na nitalitetea: kwa wale 750, jengo hilo mara nyingi ndipo mahali pabaya pa kuanzia. Si kwa sababu wahudumu wake ni wabaya. Kazi waliyoandaliwa ni nyingine.

Nitaeleza kwa vipimo, maana vipimo ndivyo vinavyotuvuta kwenda huko. Chukua kipimo kizuri sana, kinachomgundua karibu kila mwenye ugonjwa, na kinachokosea kwa watu 5 tu katika kila 100 wasio nao. Kipeleke kwa watu 1,000 waliotoka majumbani, ambao kati yao wenye ugonjwa ni 10. Kipimo kitawapata hao 10. Lakini katika wale 990 waliobaki, karibu 50 nao wataambiwa wanaumwa. Tutakuwa na karatasi 60 za majibu ya kutisha, na 50 kati yake ni za watu waliosingiziwa. Sasa kipeleke kipimo hichohicho kwenye kliniki ya bingwa ambako watu wameshachujwa na matabibu wa ngazi za chini, hata katika watu 1,000 wenye ugonjwa ni 500. Kitawapata hao 500, na watakaosingiziwa hawatazidi 25. Kipimo ni kilekile na mashine ni ileile. Kilichokipa nguvu ni ule mchujo wa mwanzo: tabibu aliyekusikiliza, akakushika tumbo, akakuuliza umeanza lini, akaamua kwamba wewe unahitaji kwenda mbele na mwenzako hahitaji. Anayemruka tabibu huyo na kwenda moja kwa moja kwa bingwa anadhani ameokoa muda. Kumbe amejiweka kwenye kundi ambalo kipimo kikisema "ndiyo", kwa sehemu kubwa kinakosea. Halafu huja kipimo cha pili cha kuhakiki cha kwanza, na cha tatu, na wakati mwingine upasuaji usiokuwa na sababu.

Kabla sijaendelea, niseme la dharura kwa haraka ili nisieleweke vibaya. Maumivu mazito ya kifua, pumzi inayokatika, mdomo kupinda au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, damu isiyokatika, degedege, kupoteza fahamu, mjamzito anayetoka damu au mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu, mtoto mchanga aliyekataa kunyonya: hao hawaanzii popote pengine. Ni hospitali, tena sasa hivi. Tunayoongea leo ni yale mengine yote, na ndiyo mengi.

Mahali pa kwanza ni nyumbani, na hapa tatizo letu ni kwamba hatujui magonjwa madogo huchukua muda gani. Tukikohoa wiki moja tunaona kimezidi. Watafiti waliokusanya tafiti mbalimbali waliona kwamba kikohozi cha kawaida cha mafua huchukua wastani wa siku 18, ilhali watu waliohojiwa walitegemea kingeisha kwa siku 7 hadi 9. Katika pengo hilo la siku kumi ndimo antibiotiki nyingi zisizohitajika zinamoombwa, zinamoandikwa na zinamomezwa. Mgonjwa anameza siku ya tisa, anapona siku ya kumi na sita, na anaamini dawa ndiyo iliyomponya, wakati kirusi cha mafua hakiguswi na antibiotiki hata kidogo.

Lakini nisiwadanganye kwamba kusubiri ni kanuni ya kila mahali. Kama unaishi penye kifua kikuu kingi, kikohozi kilichofika wiki mbili kinatosha kukupeleka ukapimwe makohozi. Hakuna anayekulaumu majibu yakiwa safi. Kikiwa na damu, au unapungua uzito, au unatokwa jasho jingi usiku, usisubiri hata hizo wiki mbili. Vivyo hivyo homa. Penye malaria, homa ni ya kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake. Na nasema kupimwa: tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza kwamba mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, kwa sababu homa nyingi si malaria, na anayetibiwa malaria asiyokuwa nayo anachelewa kutibiwa kinachomuumiza. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hasubiri kabisa, hata kama anaonekana mchangamfu.

Mgongo je? Mgongo unaouma baada ya kuinua mzigo kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache, na picha ya eksirei haiharakishi chochote. Endelea kutembea, usilale kitandani siku nzima. Ila ukihisi ganzi sehemu unayokalia, au mkojo umekataa kutoka, au miguu inaishiwa nguvu, hapo umerudi kwenye ile orodha ya dharura.

Mahali pa pili ni duka la dawa, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hatujui kulitumia. Wengi wetu tunaingia tukiwa na jina la dawa mdomoni. Ingia na shida yako badala yake. Mfamasia ni mtaalamu wa dawa kwa maana kamili ya neno. Kiungulia, fangasi wa ngozi, mafua, mzio mdogo, kukosa choo, mtoto anayeharisha ambaye bado anakunywa na kuchangamka: hayo yako ndani ya uwezo wake, na la kuharisha atakupa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na zinki na kukueleza namna ya kuvitumia. Mwambie una mimba au unanyonyesha. Mwambie dawa nyingine unazomeza, hata za mitishamba. Jambo moja linalotisha kuliko linavyoonekana ni paracetamol. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mwenye ini bovu au mwili mdogo anapaswa kupungukiwa na hapo. Sasa mtu anameza tembe zake za maumivu, halafu anaongeza dawa ya mafua iliyochanganywa, bila kujua kwamba ndani yake kuna paracetamol ileile. Anayeweza kukushtua ni mfamasia, kama umempa nafasi ya kuuliza.

Na mfamasia akikunyima antibiotiki kwa kukosa cheti, usimkasirikie. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, alionya alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu akijinunulia dawa hiyo na kuitumia kwa kipimo kidogo atawafundisha vijidudu kuizoea. Leo tunaishi ndani ya onyo hilo.

Mahali pa tatu ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au kliniki ya daktari wa familia kwa walio naye. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwezi Septemba 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, wakatamka kwamba afya ya msingi, karibu na watu wanapoishi na kufanya kazi, ndiyo mlango wa mfumo mzima wa afya. Mlango, nasisitiza. Watu wengi wanapachukulia kama mahali pa kwenda wasio na uwezo wa kwenda kwingine, na dhana hiyo inatugharimu.

Tazameni presha. Shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa siku tofauti na kubaki hapo, ni ugonjwa, na kwa kawaida halina dalili yoyote. Halihitaji bingwa siku ya kwanza. Linahitaji mtu wa kulipima tena na tena, wa kukumbuka kwamba dawa ile ya kwanza ilikuvimbisha miguu. Kisukari vivyo hivyo, na pumu. Magonjwa ya kudumu yanataka anayekufahamu. Watafiti wa Norwei walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kulinganisha watu waliokuwa na daktari wao wa familia kwa zaidi ya miaka 15 na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja tu. Waliokaa na daktari mmoja walilazwa ghafla pungufu kwa asilimia 28, na uwezekano wa kufariki ulikuwa pungufu kwa asilimia 25. Ni kweli kwamba huenda mwenye maisha tulivu ndiye anayedumu na daktari mmoja, hivyo si kila sehemu ya tofauti hiyo ni kazi ya daktari. Hata hivyo kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo faida ilivyoongezeka, na hilo ni gumu kulipuuza.

Meno yapeleke kwa daktari wa meno moja kwa moja; kumeza vidonge vya maumivu mwezi mzima hakuzibi tundu. Macho yanayofifia polepole, kliniki ya macho. Chanjo, uzazi wa mpango na uzito wa mtoto ni kliniki ya mama na mtoto, na muuguzi wa pale anayajua hayo kuliko madaktari wengi.

Nimeletewa karatasi ya swali. Ndugu yetu anauliza: "Kituo cha karibu nikienda, naandikiwa dawa kabla sijamaliza kueleza. Kwa nini nisiende hospitali kubwa?" Swali la haki, na lawama hapo ni yetu, si yako. Fanya hivi: ukikaa tu, sema kwanza jambo linalokuhofisha zaidi, usilifiche hadi unashika kitasa cha mlango. Sema lilipoanza, umeshatumia nini, na unaogopa nini. Kabla ya kuondoka uliza maswali mawili: unadhani ninaumwa nini, na nikiona nini nirudi? Ukirudi mara ya pili na ya tatu kwa shida ileile bila nafuu, omba rufaa waziwazi. Ni haki yako. Na barua ya rufaa iwe na maneno: umeumwa nini, umepimwa nini, umepewa dawa gani, bingwa anaulizwa nini hasa. Barua tupu itakufanya uanze upya kule.

La mwisho, mama pale nyuma aliyenyanyua mkono muda mrefu. Anasema baba yake anahudhuria kliniki tatu, moyo, sukari na miguu, na kila moja inampa dawa zake. Aende wapi sasa, maana anapata kizunguzungu? Mama, usitafute kliniki ya nne. Leo ukifika nyumbani kusanya dawa zote za mzee, pamoja na za dukani na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja. Apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Kesho mpeleke kwa tabibu wa karibu anayemfahamu, mwagie mfuko huo mezani, umwambie: naomba uzipitie zote, moja moja. Mara nyingi kizunguzungu cha wazee wanaomeza dawa za kliniki nyingi kimo ndani ya mfuko huo. Usimwachishe hata moja mwenyewe kabla hazijapitiwa. Na akianguka au akipoteza fahamu usiku wa leo, hiyo si ya kesho tena, mkimbize.