Mwanao Akifungiwa Mechi
Mhadhara kwa wazazi wa wanamichezo wa sekondari, Columbus, Ohio

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Asanteni kwa kutoka kazini mkaja moja kwa moja. Naona wengine bado mmevaa fulana za bohari.

Nimeombwa nizungumzie nidhamu ya watoto wetu wanaochezea timu za shule. Wengi wenu watoto wenu ni wa soka, lakini nitakayosema yanawahusu pia wanaokimbia, wa mpira wa kikapu, wa voliboli, na mabinti wa ushangiliaji. Neno langu kubwa nalitanguliza: mtoto akisimamishwa masomo, sheria inamlinda. Akifungiwa kucheza, ulinzi huo kwa sehemu kubwa haupo. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni siku ya kutia saini. Ukingoja siku ya barua umechelewa.

Tuanze na mji wetu huu huu. Mwaka 1971 shule za Columbus zilikumbwa na vurugu, na wanafunzi kadhaa wakasimamishwa hadi siku 10 bila kuulizwa lolote. Mmoja wao, Dwight Lopez, alisema fujo za ukumbi wa chakula zilimkuta tu pale, yeye hakuharibu kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1975, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kuwa hata kwa adhabu ya siku chache mwanafunzi aelezwe kosa lake, na akilikana aambiwe ushahidi uliopo, kisha apewe nafasi ya kutoa maelezo yake. Haki hiyo inamlinda mtoto wako leo, awe amezaliwa hapa au amekuja na ndege ya wakimbizi.

Lakini haki hiyo inahusu darasa. Mahakama nyingi za nchi hii zimeshikilia kwamba elimu ni haki ya mtoto, ila kuchezea timu ni fursa ambayo shule imempa na inaweza kuiondoa. Ndiyo maana kijana anaweza kuwekwa nje Ijumaa, na mzazi akapigiwa simu Jumatatu, na shule ikawa haijavunja sheria yoyote.

Sasa hiyo karatasi ya kanuni za mwenendo. Siku hizi mara nyingi haiji kama karatasi. Inakuja kwenye simu, mwisho wa msururu wa fomu: ya daktari, ya bima, ya jeraha la kichwa, halafu hiyo. Umetoka zamu ya usiku, mtoto amesimama pembeni anakuambia, "Mama, bonyeza tu hapa, kocha anasubiri." Unabonyeza. Nawaambieni, fomu hiyo ndiyo mkataba wenyewe.

Ukiifungua, tafuta kwanza inahesabu muda gani. Nyingi hazisemi "wakati wa shule" wala "wakati wa msimu". Zinasema miezi yote 12, saa zote 24, popote mtoto alipo. Harusi ya Julai nyumbani kwa binamu imo ndani ya kanuni hizo. Kisha tafuta kama zinamwadhibu yule aliyekunywa tu, au hata aliyekuwapo pombe inaponywewa. Hapo ndipo watoto wetu hunaswa, kwa sababu kwetu kijana haachi sherehe ya ukoo eti kwa kuwa wajomba wana bia mezani. Kanuni nyingine zinaacha nafasi kwa shughuli za familia, nyingine haziachi. Muulize mkurugenzi wa michezo, na muulize kwa maandishi ili jibu libaki.

Kuna kesi moja ya jimbo la Iowa ambayo naipenda kwa sababu iligusa jambo hilihili. Juni 1971, shule zimefungwa, vijana wanne walikuwa ndani ya gari lenye katoni ya bia. Polisi wakawasimamisha. Mmoja wao, William Bunger, alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Hakukuwa na ushahidi kwamba alikunywa. Alijua tu bia imo garini. Akafungiwa wiki 6. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Iowa ilisema kanuni ile imekwenda mbali mno: nje ya msimu, nje ya mwaka wa masomo, na bia yenyewe haijanywewa. Tena ikasema chama cha michezo cha jimbo hakikuwa na mamlaka ya kujitungia kanuni kama ile. Familia ile ilishinda. Lakini hukumu ya Iowa haiwafungi majaji wa Ohio, na kanuni za "kuwapo" zingali zinaandikwa, kwa hiyo msiende shuleni mkiinua kesi hiyo kama ngao.

Kuhusu adhabu zenyewe, pombe, bangi na zile sigara za kielektroniki ambazo watoto wanaziita vepu huwekwa fungu moja. Desturi ya shule nyingi ni kuhesabu kwa sehemu ya msimu: kosa la kwanza robo au karibu na hapo, la pili nusu au zaidi, la tatu mwaka mzima. Msimu ukiisha adhabu haijaisha, inahamia mchezo unaofuata. Wengine hupunguza adhabu mtoto akijisema mwenyewe kabla hajakamatwa na akakubali kuonana na mshauri. Kipengele hicho ni cha thamani kubwa na wazazi hawakijui. Kitafuteni.

Na mtu asishangae mtoto akiombwa mkojo. Mwaka 1995, katika kesi ya mji wa Vernonia, Oregon, Mahakama ya Juu iliruhusu shule kuwapima wanamichezo dawa za kulevya kwa bahati nasibu, hata bila kuwashuku. Aliyekuwa amekataa kutia saini ni mvulana wa darasa la 7, James Acton, pamoja na wazazi wake. Walishindwa. Kama wilaya yako ina utaratibu huo, saini yako imo humo.

Simu ni habari nyingine. Mwaka 2017 huko Pennsylvania, binti wa miaka 14, Brandi Levy, alikosa nafasi katika kikosi cha kwanza cha ushangiliaji. Siku ya Jumamosi, akiwa dukani, akaweka picha Snapchat akinyoosha kidole cha kati na kuitukana shule na timu. Akafungiwa mwaka mzima. Juni 2021 Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa kura 8 dhidi ya 1. Mzazi mmoja aliniambia, "Basi watoto waandike watakalo." Hapana! Majaji walisema wazi kuwa shule bado inaweza kuingilia vitisho na uonevu mkubwa hata vikifanyika nje ya shule. Levy alitukana bila kumlenga mtu. Kijana anayemwandama mwenzake kwenye kundi la timu usiku kucha hayumo katika kinga hiyo, na mimi binafsi sitamtetea.

Uwanjani mambo ni mafupi. Katika soka ya sekondari hapa, kadi ya njano inakutoa nje kwa muda, papo hapo. Mwenzako anaweza kuingia badala yako. Wanaotazama ligi za Ulaya hulishangaa hili, na nimeona baba akimfokea mwamuzi kwa sababu hiyo tu. Kadi nyekundu Ohio maana yake umemaliza siku hiyo, na chama cha michezo cha jimbo kinakuongezea mechi mbili, isipokuwa futiboli ya Kimarekani ambayo ni moja. Ukifukuzwa mchezoni hivyo mara ya pili, msimu wako umekwisha.

Alama za darasani nazo zinafungia. Hapa Ohio mtoto anatakiwa awe amefaulu masomo matano katika kipindi kilichotangulia. Angekuwa Texas, sheria ya mwaka 1984 inamweka nje akipata chini ya 70. Kwa hiyo mtoto aliyeangusha masomo majira ya kuchipua anaweza kuanza Agosti akitazama wenzake wanacheza, na hakuna aliyemkosea.

Umri nautaja kwa uchungu. Majimbo mengi yanamwondoa mchezaji aliyetimiza miaka 19 kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Wangapi humu kwenye karatasi zenu za kambini mmeandikiwa Januari 1? Naona mikono. Mtoto aliyezaliwa Novemba akaandikiwa Januari ya mwaka uleule anaonekana mkubwa kwa miezi mingi kuliko alivyo, na miezi hiyo inaweza kumnyima msimu wa mwisho. Huo haukuwa utovu wa nidhamu wake. Lakini kijana akijaribu kuziba pengo hilo kwa cheti cha kughushi, hapo litakuwa kosa, na timu nzima inaweza kunyang'anywa ushindi wake. Kama tarehe si sahihi, anzeni kuirekebisha kisheria akiwa bado mdogo.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Nilikaa katika kikao kimoja cha nidhamu, shule siitaji, ambapo mama alikuwa hajui Kiingereza na mkalimani alikuwa mwanawe mwenyewe, yule yule mshtakiwa. Mkuu msaidizi alizungumza dakika nyingi kuhusu vepu iliyokutwa chooni. Kijana akamgeukia mama yake: "Wanasema nimechelewa mazoezi." Mama akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatia saini. Alikubali kufungiwa kwa mwanawe nusu msimu bila kujua ni kwa kosa gani.

Hilo halipaswi kutokea. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mwongozo wa serikali wa mwaka 2015, ulioondolewa mwaka 2025, ulielekeza kwamba wanafunzi na ndugu zao wasifanywe wakalimani. Mkalimani ni wa bure. Mkiitwa, semeni neno moja tu la Kiingereza, "Swahili", na msitie saini mpaka aje, hata kama ni kwa simu.

Msimu wa vuli mazoezi yanaanza mwanzoni mwa Agosti, na shule hufanya mkutano wa wazazi kabla ya msimu, ambako kanuni hizi husomwa. Ombeni mkalimani wa mkutano huo sasa, mwezi mmoja kabla, kwa barua pepe. Nimeandika barua fupi ya Kiingereza ya kuomba. Nakala ziko kwenye meza ile ya mlangoni. Unajaza jina la mtoto na la shule. Karibuni kwa maswali, tuanze na mama pale nyuma.