Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Dozi Bila Kuchanganya Miligramu na Mililita

Hamjambo watazamaji, na karibuni mezani kwangu hapa Kisumu. Mbele yangu nimepanga chupa tatu za paracetamol ya maji, bomba la sindano la mililita 5 ambalo halina sindano, vijiko vitatu vya nyumbani, kikokotoo na karatasi. Video hii nimewaandalia wanafunzi wa uuguzi na famasia walio mwaka wa kwanza, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, lakini mzazi anayetaka kuelewa kwa nini mtoto wake amepimiwa kiasi fulani naye asiondoke. Ninachofundisha ni hesabu. Kiwango cha dawa kwa kila kilo ya uzito huamuliwa na daktari au afisa wa kliniki kwa kufuata mwongozo wa matibabu, wala kikokotoo hakina usemi hapo.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha maneno mawili yanayofanana masikioni: miligramu na mililita. Miligramu hupima uzito wa dawa yenyewe, ilhali mililita hupima ujazo wa kile kimiminika kilichobeba dawa. Anayenunua mahindi Soko la Kibuye anaifahamu hila iliyomo humu, kwa sababu gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, iliyobonyezwa kitako kwa nyundo huendelea kuitwa gorogoro ingawa mahindi yamepungua ndani. Mililita 5 nazo ni mililita 5 katika kila chupa, ila dawa iliyomo ndani yake si sawa. Tazameni lebo hizi kwa karibu. Chupa ya kwanza imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, ya pili miligramu 250 kwa kila mililita 5, na hii ndogo ya matone, ambayo hutengenezewa watoto wachanga, ina miligramu 100 katika kila mililita 1. Dawa ni ile ile moja, na rangi zinakaribiana.

Vipimo vyenyewe ni vichache. Gramu 1 ni miligramu 1000, miligramu 1 ni mikrogramu 1000, na lita 1 ni mililita 1000. Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha kwa 1000, ukirudi, gawanya. Kwa mfano, daktari akiagiza mikrogramu 125 za digoxin, dawa ya moyo, na kidonge ulicho nacho kimeandikwa miligramu 0.25, geuza kwanza: 0.25 mara 1000 ni mikrogramu 250, kwa hiyo mgonjwa anapewa nusu ya kidonge. Hapo hapo shikeni kanuni ya sifuri. Andika 0.5, usiandike .5, kwa kuwa nukta isiyo na sifuri mbele yake hupotea kwenye mwandiko wa haraka na nusu ikageuka tano. Vilevile andika 5, usiandike 5.0, kwa maana nukta ikififia atakayesoma ataona hamsini.

Hatua ya pili ni uzito. Mpime mtoto leo, kwa kilo, bila viatu wala sweta nzito, na mizani ianzie kwenye sifuri kabla hajapanda. Uzito ulioandikwa kwenye kijitabu cha kliniki miezi minne iliyopita ni kumbukumbu tu. Mtoto aliyekuwa akiharisha wiki nzima huenda amepungua. Iwapo mizani inasoma pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo.

Sasa tuingie kwenye hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini. Mtoto wetu ana kilo 12, na ameagizwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Tunazidisha 12 kwa 15, tunapata miligramu 180. Angalieni kwamba nimeandika neno miligramu pembeni ya jibu; siiachi namba ikae peke yake hata mara moja. Kisha tunaitazama chupa iliyo mkononi. Ikiwa miligramu 120 zimo ndani ya mililita 5, basi mililita 1 ina 120 gawanya kwa 5, yaani miligramu 24. Tunagawanya 180 kwa 24, nalo jibu ni mililita 7.5. Vitabu vingi vinakueleza ugawanye kiasi kinachotakiwa kwa kiasi kilichopo, kisha uzidishe kwa ujazo, na jibu halibadiliki: 180 gawanya kwa 120, mara 5, ni 7.5. Mimi napendelea njia ya kutafuta kwanza mililita moja ina nini, kwa kuwa mwanafunzi aliyesahau kanuni anaweza kuijenga upya akiwa amesimama kando ya kitanda.

Mtoto huyo huyo tumpimie kutoka chupa ya pili. Miligramu 250 gawanya kwa 5 ni 50 kwa kila mililita, na 180 gawanya kwa 50 ni mililita 3.6. Kutoka chupa ya matone atahitaji mililita 1.8 tu. Fikirieni basi mama aliyezoea kupima 7.5 nyumbani, akaja kuuziwa chupa ya miligramu 250 bila kuelezwa lolote: atampa mtoto miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya alichostahili, naye ataamini amefanya vile vile alivyoelekezwa. Kwa sababu hiyo mimi simwambii mzazi idadi ya mililita kabla sijaishika chupa atakayoondoka nayo.

Kabla ya kugusa kikokotoo, kadiria. Nilipokuwa mwanafunzi wodini, nilisogeza nukta vibaya nikaandika mililita 75 mahali pa 7.5. Sista wa zamu hakunigombeza. Aliinua chupa ya mililita 60, akaitikisa, akaniuliza, "Na hiyo chupa ya pili tutaitoa wapi?" Tangu siku hiyo najiuliza kwanza kama jibu litatosha kwenye kijiko, kwenye kikombe au kwenye ndoo. Dozi moja ya mtoto inayokaribia kumaliza chupa ni hesabu ya kurudiwa, na ni vyema mwenzako aipige upya bila kuona jibu lako.

Hatua ya nne ni kupima. Vijiko hivi vitatu nimevitoa jikoni kwangu, na vyote tunaviita vijiko vya chai. Najaza maji kila kimoja, kisha nayavuta kwa bomba. Cha kwanza kimetoa mililita 3, cha pili 4.6, na hiki chenye tumbo kubwa kimefika karibu 7. Kijiko cha dawa kinapaswa kuwa mililita 5 kamili, kwa hiyo hivi tuviachie sukari. Kwenye bomba la mililita 5, kati ya namba na namba kuna nafasi tano, na kila nafasi ni mililita 0.2. Soma pale ukingo wa mbele wa mpira mweusi unapogusa ukuta wa bomba, bomba likiwa usawa wa jicho lako. Ukisoma ukingo wa nyuma utampunja mtoto. Mapovu yakiingia, geuza ncha juu, gonga kwa kidole yapande, uyasukume nje. Kwa mililita 7.5 tutavuta mara mbili: kwanza 5 kamili, kisha 2.5, ambayo inaangukia katikati ya mstari wa 2.4 na ule wa 2.6.

Vidonge vina hesabu yake. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria dawa ya malaria, ile yenye artemether miligramu 20 na lumefantrine miligramu 120, haizidishwi kwa kila kilo, bali hutolewa kwa makundi ya uzito. Kuanzia kilo 5 na chini ya 15 ni kidonge 1 kwa dozi. Kuanzia 15 na chini ya 25 ni 2. Kuanzia 25 na chini ya 35 ni 3. Kuanzia 35 kwenda juu ni 4. Mnaona basi kwamba kilo moja kati ya 14 na 15 inaongeza dawa maradufu, na sweta niliyoitaja inaanza kuwa na maana. Dozi ni sita, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 ataondoka na vidonge 12.

Saa nazo zinahitaji kuhesabiwa. Dozi ya pili ya dawa hii ya malaria huja saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu hutimiza saa 24, na zinazobaki hufuatana kila baada ya saa 12. Aliyeanza saa mbili usiku wa Jumatatu ataamshwa saa kumi alfajiri, kisha saa mbili usiku wa Jumanne, halafu saa mbili asubuhi na saa mbili usiku Jumatano, na atamaliza saa mbili asubuhi Alhamisi. Faili la wodi litaandika 20:00 pale mama anaposema saa mbili usiku, na ukimwandikia 8 kwenye bahasha ataisoma saa nane. Mwandikie kwa maneno.

Simamisheni video hapa mfanye hesabu moja wenyewe: mtoto wa kilo 16, miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa ni ile ya miligramu 250 kwa mililita 5.

Tuone. 16 mara 15 ni miligramu 240. Kila mililita ina miligramu 50, na 240 gawanya kwa 50 ni mililita 4.8. Kwenye bomba hili, huo ni mstari mmoja tu kabla ya 5.