Saa Tofauti za Jinsi na Jinsia

Ndugu wasikilizaji, mtoto akizaliwa huulizwa swali moja kabla hata hajafutwa: wa kike au wa kiume? Mkunga hutazama, hujibu, na karibu kila mara hujibu sawa. Leo tuangalie kilichojenga jibu hilo, na la kufanya linapokosekana.

Nikisema jinsi, naongelea mwili. Nikisema jinsia, naongelea namna mtu anavyojitambua na anavyotarajiwa awe. Hivi vina saa tofauti.

Hadi wiki ya 6 hivi tangu mimba kutungwa, kila kiinitete kina chipukizi la tezi linaloweza kuwa korodani au ovari, na jozi mbili za mirija, ya Wolff na ya Müller. Katika kromosomu Y mna jeni ya SRY, iliyotambuliwa London mwaka 1990. Ikifanya kazi kwa wakati wake, chipukizi hushika njia ya korodani. Ovari nayo ina jeni zake zinazoijenga. Si kweli kwamba hutokea tu kwa kukosa kitu, ingawa ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka mingi.

Korodani changa hutoa homoni mbili. AMH, yaani homoni ya kuzuia mirija ya Müller, huifuta mirija hiyo, ambayo ingekuwa kizazi. Testosteroni huidumisha mirija ya Wolff, ambayo huwa njia za mbegu za kiume. Ili uume na mfuko wa korodani vijengeke, sehemu ya testosteroni hiyo lazima igeuzwe na kimeng'enya kuwa DHT (dihydrotestosterone), homoni iliyo kali zaidi. Mwaka 1947 Mfaransa Alfred Jost aliondoa tezi za vijusi vya kiume vya sungura mapema, na vikaendelea kwa maumbile ya kike.

Hatua yoyote yaweza kukwama peke yake. Mchukue msichana wa miaka 16: matiti yameota, hedhi haijaja, mavuzi ni haba. Kipimo cha kromosomu kinaonyesha XY, jozi ambayo kwa kawaida ni ya kiume. Korodani zake zimejificha tumboni au kinenani na zinatoa testosteroni tele, ila vipokezi vya seli haviitambui. AMH ilifanya kazi yake, kwa hiyo hana kizazi. Matiti yametokana na estrojeni, maana mwili hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Kwa kawaida amejijua msichana tangu utoto, na karatasi ya maabara haimfanyi mvulana. Aambiwe ukweli wote, kwa upole, na asifichwe.

Kujitambua huanza mapema. Wengi hujitaja kuwa mvulana au msichana kati ya miaka 2 na 3, lakini hadi kama miaka 6 mtoto aweza kuamini kwamba kubadili nguo hubadili jinsi. Mwanasaikolojia John Money alishikilia kwamba malezi ya mapema ndiyo yanayoamua. Mvulana wa Kanada aliyeunguzwa uume akitahiriwa mwaka 1966 alilelewa kama msichana kwa ushauri wake. Alipobalehe alikataa, akaishi kama mwanamume. Nionavyo, kisa hicho na cha yule msichana wa XY vinakataa jibu la sababu moja.

Turudi chumba cha kujifungulia. Maumbile yasipokuwa bayana, usikisie, wala usiandike jinsi kwa haraka. Waambie wazazi: "Mtoto wenu ana viungo ambavyo havijamaliza kujengeka, tutapima." Papasa mfuko na kinena. Ukikosa korodani pande zote mbili, hata uume ukionekana kamili, fikiria kwanza mtoto wa XX, jozi ambayo kwa kawaida ni ya kike, ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zinakosa kimeng'enya cha 21-hydroxylase. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000, na inaua. Mwili hupoteza chumvi, na kati ya wiki ya 1 na ya 3 mtoto hutapika, hukaukiwa maji, sodiamu hushuka na potasiamu hupanda. Wavulana wenye hali hiyo ndio wanaonitia hofu zaidi: viungo vyao huonekana vya kawaida, basi hutibiwa kama wanaoharisha tu.

Pima 17-hydroxyprogesterone, homoni inayorundikana kimeng'enya hicho kikikosekana, baada ya saa 48 tangu kuzaliwa, maana kabla ya hapo huwa juu hata kwa mtoto mwenye afya. Tiba ni dawa zinazoziba pengo la homoni za adrenali, yaani haidrokotisoni mara 3 kwa siku na fludrokotisoni, na chumvi ya nyongeza utotoni. Mama afundishwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani: homa ikipanda, haidrokotisoni huongezwa mara 2 au 3, mtoto akiitapika, anahitaji sindano saa hiyo hiyo, kisha hospitali.