Wanawake wawili, mbegu ya Denmark, na mtoto ni wa nani?

Haya wapendwa wangu, Tarime mpo? Musoma? Leo naongelea ile kitu mlionijazia kwenye komenti, eti huku Uingereza wapenzi wa jinsia moja wananunua watoto dukani. Kabla hujaanza kunitukana sikiliza kwanza, sijaja kubishana dini na mtu, nasema ninachokiona.

Kwanza kununua hakuna. Anayetoa mbegu za kiume kliniki anapewa pauni 45 kila akifika, hela ya usumbufu basi, na mtoto akifikisha 18 ana haki ya kupewa jina lake. Hela ndefu inaliwa na kliniki.

Sasa kazini kuna wadada wawili ni wapenzi, mmoja Mghana mwingine Mzungu wa hapa hapa. Mzungu ndo atabeba, yai lake, maana mwenzake umri umesogea. Siku moja breki wananionyesha kwenye simu benki ya mbegu, unachagua urefu, macho, asili ya mtu. Wakabonyeza mtu mweusi, weee, ule mlolongo wote wa Wadenmark macho ya bluu ukayeyuka wakabaki watu wa kuhesabu! Huku wanaojitolea ni wachache, weusi ndo wachache mno, ndo maana mbegu nyingi zinatoka nje, kama Denmark. Na huyu Mzungu ndo kila siku anatuimbia damu si kitu, mtoto ni malezi, nikamuuliza sasa dada mbona unahangaika na mweusi? Akacheka, akasema sitaki mwenzangu asimamishwe njiani aulizwe huyu mtoto umemtoa wapi.

Wengine wanafanya ile yai la huyu mimba abebe yule, ili wote wawe wameshiriki. Wapo wanaoona hiyo ni kutupa hela tu, mtoto atajua nani alimwamsha usiku kumpa maziwa.

Ila ugomvi wao mkubwa hawa wawili sio yai. Mghana anataka rafiki yao, mtu wanamjua, kwao anajulikana, ili mtoto awe na ukoo wa kuutaja. Mzungu hataki kabisa, na kisheria ana pointi, kwa sababu hawajafunga ndoa, wakifanya wenyewe nyumbani yule rafiki ndo baba kwa sheria na Mghana anabaki kama mgeni tu. Wakipita kliniki yenye leseni wakasaini fomu mapema, wote wawili wanaandikwa wazazi, sheria iko hivyo tangu 2009.

Nikawaambia kwetu Mara kuna nyumba ntobhu. Mama hana mtoto wa kiume, anaoa binti, binti anazaa na mwanaume mwingine, mtoto ni wa yule mama. Sio kitu kimoja jamani msinichanganye, wale sio wapenzi! Lakini swali la mtoto ni wa nani sisi tulilimaliza kwa ng'ombe, hawa wanalimaliza kwa fomu. Mghana alifurahi huyo, eti nimempa silaha.

Serikali kulipia? Inategemea unakaa wapi. Kuna wanawake wawili wenye ndoa, Megan na Whitney Bacon-Evans, walienda mahakamani 2021 sababu eneo lao waliambiwa wajilipie kwanza hadi raundi 12 za kupandikizwa mbegu ndo wasaidiwe, wakati mke na mume wanasema tu tumejaribu miaka miwili hakuna kitu. 2022 serikali ikaahidi kuondoa hiyo kitu, ila mpaka leo wengi wanatoa mfukoni.

Wanaume ndo wana mtihani zaidi. Lazima apatikane mwanamke wa kuwabebea, haruhusiwi kulipwa zaidi ya gharama zake, na akijifungua yeye ndo mama kisheria hata kama yai sio lake, mpaka mahakama itoe oda ya kuwahamishia wao uzazi, na yeye hawezi kuridhia hilo kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Nawajua wawili wanabishana mpaka leo, mmoja anasema hizo wiki sita presha itamuua bora waasili, mwenzake hataki kusikia, anataka mtoto mwenye pua ya marehemu mama yake.

Haya mimi naingia shifti, komenti nitasoma usiku, matusi nafuta.