Bia Yako Itakaa Siku Ngapi?

(Mazungumzo kuhusu vyombo vya kutengenezea bia nyumbani, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, habari za mchana.

Nimeombwa niseme juu ya vifaa vya kupika bia nyumbani, na hata sijakaa sawa, meku mmoja, yaani mzee wetu wa Kichagga, hapa mbele ameshaniuliza: "Sufuria ya lita ngapi?" Kila ninapokwenda swali la kwanza ni sufuria. Nitakujibu, meku, ila kwanza na wewe nijibu langu. Hiyo bia yako unataka ikae siku ngapi kabla haijanywewa?

Nauliza kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huko juu migombani, na mama yangu hakuwahi kumiliki kifuniko kinachobana. Alikuwa na sufuria kubwa, mwiko mrefu kuliko mimi, pipa la mbao, shashi ya kuchujia na vibuyu. Basi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka rangi ya matofali, zinamiminwa pipani, zinakaa siku tano mpaka saba. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni unapikwa uji wa kimea cha ulezi, unatiwa magome ya msesewa ili uchungu ukamate ulimi. Huo ndio mso. Ukipoa, nyalu inachujwa, vinachanganywa, na kesho yake watu wako kwenye mabenchi. Kesho kutwa mbege imeshakuwa kali, inauzwa kwa bei ya kutupa, na siku ya nne hata mlevi anaikataa.

Pipa lile mama hakuliosha kwa sabuni hata siku moja. Alilisuuza kwa maji, akaligeuza juani. Nilipokwenda kusoma mambo ya maabara nikarudi na ujuaji wangu, nikalisugua kwa sabuni ya unga mpaka likawa jeupe. Wiki ile nyalu ililala kama maji ya kuoshea vyombo, haichemki wala hainung'uniki. Mama hakunigombeza, alinitazama tu. Kwenye nyufa za mbao zile ndimo hamira yake ilimokuwa ikikaa, kizazi hadi kizazi, pamoja na wadudu wengine wa kuleta uchachu. Kwa pombe inayoishi siku mbili, wadudu wale hawana muda wa kuharibu kitu. Wanaleta ladha, kisha pombe inaisha.

Sasa chukua bia ya shayiri ya kwenye chupa. Wiki mbili inachachuka, wiki mbili au tatu zaidi inakaa kwenye chupa ipate povu. Hiyo ni bia ya mwezi mzima. Mdudu ambaye kwenye mbege alikuwa mgeni wa usiku mmoja, hapa anajenga nyumba na kuoa. Kwa hiyo ukiniuliza vifaa, mimi nahesabu siku.

Haya, sufuria. Kwa lita 20 za bia, tafuta ya lita 30, maana maji ya kimea yakianza kuchemka yanapanda kama maziwa. Aluminiamu ya kawaida, ile ya kupikia pilau la harusi, inafaa. Humo bia inakaa saa mbili tatu tu. Usinunue ya bei mbaya ili upige picha.

Shayiri yetu inalimwa Monduli na Karatu, lakini hata ulezi ukiuotesha vizuri utakupa kimea. Uote siku mbili au tatu, ukaushwe upesi, na ukiona ukungu tupa wote, usichambue. Kwenye mashine ya kusaga mwambie kijana alegeze mawe. Tunataka punje ipasuke, isiwe unga, kwa sababu maganda ndiyo chujio letu. Kisha mfuko: chukua pazia la neti, lile jeupe la dirishani, jipya, ushone kiroba kinachoingia kwenye sufuria. Chandarua usiguse! Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo lako.

Kimea kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 67 kwa saa nzima, ili wanga ugeuke sukari. Hapo unahitaji kipimajoto, na blanketi la kufunga sufuria lisipoe. Kuna ndugu mmoja alinipigia simu amekasirika: kipimajoto chake kipya kibovu, maji yanatokota lakini kinasoma 97. Nikamuuliza yuko wapi. Yuko hapa hapa mjini. Kipimajoto chake ni kizima kabisa. Tuko kama mita 900 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Angekuwa Marangu kingesoma 95, angekipiga ukutani.

Saa ikiisha, mfuko unatolewa. Machicha wapeni ng'ombe. Hilo huku halihitaji mhadhara.

Baada ya saa moja ya kuchemsha maji hayo ya kimea pamoja na hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, moto unazimwa. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mpaka dakika hii ungeweza kukorogea mwiko mchafu na usidhurike, moto ungeua kila kitu. Kuanzia sasa, chochote kitakachoigusa bia kitabaki nayo mwezi mzima.

Tazameni ndoo hii. Ya plastiki, lita 25, ya chakula, ina mfuniko na koki. Na hii nyingine, pacha wake, imetumika miaka miwili. Mama pale, njoo upitishe ukucha humu ndani. Umesikia? Unakwama. Mikwaruzo. Nani aliisugua kwa steel wire? Mimi mwenyewe, kwa haraka. Kila mkwaruzo ni ufa wa pipa la mama yangu, isipokuwa hapa siutaki. Ndoo hii sasa ni ya kubebea maji. Ndoo ya bia husuguliwa kwa sifongo laini tu, kisha inauliwa vijidudu. Mimi natumia jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, dakika 20, halafu nasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukiacha jiki ndani, bia itanuka kama wodi. Na msije mkachanganya jiki na siki ili "iwe na nguvu". Hewa itakayotoka hapo inachoma mapafu.

Juu ya mfuniko kuna tundu, na kwenye tundu mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa ya maji. Hamira inapokula sukari inatoa hewa ya kaboni. Inapita kwenye mpira, blup blup, inatoka. Ya nje hairudi. Maduka ya Ulaya yanauza kidude cha kioo kwa kazi hiyohiyo. Chupa ya maji ya kunywa iliyotumika inatosha, na watoto wanapenda kuitazama.

Kuna watu wanasema, ndoo ya nini, nina pipa la chuma nyumbani. Hapo nitakaa kidogo.

Mwaka 1929 daktari mmoja Afrika Kusini, Strachan, aliandika juu ya maiti alizopasua: maini yamejaa madini ya chuma kupita kiasi. Kwa miaka mingi watafiti waliomfuata waliufuata mkondo huo mpaka kwenye pombe ya kienyeji, iliyokuwa ikichachushwa kwenye mapipa ya chuma na vyungu vya chuma. Pombe hiyo ina uchachu, na uchachu unakula chuma taratibu, unakinywesha kwa mtu kikombe baada ya kikombe, miaka na miaka. Baadaye utafiti wa Zimbabwe, mwaka 1992, ulidokeza kwamba huenda kuna watu wenye urithi wa damu unaowafanya wakihifadhi chuma hicho zaidi ya wenzao. Sawa, lakini pipa linabaki pipa. Na lile la bati linalong'aa, lililopakwa zinki, usiseme ndilo bora: zinki nayo inayeyuka kwenye uchachu, na inatapisha. Mapipa yaliyokuja na dawa za kiwandani sitayazungumzia. Mnajua, na bado wapo wanaoyanunua kwa sababu ni ya bei nafuu.

Unaona siku zinavyorudi? Uji ukichemka saa moja kwenye chuma, si neno kubwa. Nyalu ikilala wiki nzima humo, na kila wiki, miaka 20, ni habari nyingine. Kina mama wanaopika mbege, mkibakiza kitu kimoja cha leo, bakizeni hiki: nyalu iwekeni kwenye mbao au jaba la chakula.

Kupoza: beseni kubwa, maji baridi, mabarafu mawili, zungusha sufuria. Kuna wanaonunua koili ya shaba. Nzuri, nayo. Mwingine ataniuliza kama koili hiyo inaweza kupitishia mvuke, na huyo ametoka kwenye bia ameingia kwenye gongo. Gongo lina sheria yake na mhadhara wake, tena si mimi nitakayeutoa.

Hamira ya bia, si ya maandazi. Ya maandazi itachachusha, lakini haitulii chini, na bia itakuwa na harufu ya mkate mbichi. Ukishaitia, ndoo itunzwe nyuzi 18 hadi 22. Kwa joto la Januari hapa mjini, ndoo ikae ndani ya beseni la maji, ivishwe fulana iliyolowa. Msinicheke, fulana inafanya kazi.

Sasa kidude hiki, haidromita, cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia. Kioo, kinaelea. Ni kifaa ambacho kila mtu anataka kukiacha, na ndicho kilichonigharimu. Mpwa wangu alikuwa anapata kipaimara, nikajisifu kwamba bia italetwa na shangazi. Siku ya tano mpira wa ndoo ukaacha kutoa mapovu, nikasema tayari. Sikupima. Nikatia sukari ya povu, gramu 6 kwa lita kama inavyotakiwa, nikajaza chupa, nikazipanga stoo karibu na gunia la maharage. Usiku wa tatu, saa nane, pa! Tukadhani mwizi. Kisha pa, pa. Asubuhi tulichambua vioo kwenye maharage mpaka tukakata tamaa, gunia likatupwa.

Hesabu yake ni hii. Haidromita inasoma 1.048 mwanzo, na bia hiyo inataka kushuka mpaka karibu 1.010. Tofauti hiyo inakupa kilevi cha kama asilimia 5. Lakini ukifungia kwenye chupa ikiwa 1.014, zile nukta 4 zilizobaki ni kama gramu 10 za sukari kwa lita, juu ya gramu 6 ulizotia mwenyewe. Karibu nusu ya sukari inageuka hewa. Chupa haina pa kuipeleka. Mpira ukinyamaza, unaweza kuwa umenyamaza kwa sababu kulipoa, au mfuniko unavuja pembeni. Haidromita hainyamazi. Pima leo, pima keshokutwa. Zikifanana, na ziko chini, funga.

Chupa zenyewe ni zile nzito za bia, nusu lita, za kurudishwa. Lita 20 zinajaza karibu 38, zilizobaki ni mashapo. Za plastiki za soda zina faida moja: ukizibonyeza zikawa ngumu kama jiwe, unajua povu limefika. Mashine ya vizibo, ile ya mikono miwili, changeni watu watano mnunue moja.

Meku, nadhani sufuria nimeshaijibu.

Nimekuja na ndoo yenye siku ya 12. Juzi ilisoma 1.011. Naomba mwenye macho mazuri aje hapa, ainamishe kichwa, asome pale maji yanapokata mstari, asisome pale yanapopanda pembeni ya kioo. Ikiwa 1.011 tena, kuna kreti ya chupa safi nyuma ya mlango na tutazijaza pamoja. Ikiwa imeshuka, kreti inarudi kwenye gari, na nyie mtarudi Jumamosi ijayo.