Jinsi ya Kuvaa Soksi za Kubana kwa Miguu Inayovimba

Karibuni. Leo tunavaa soksi za kubana, zile ndefu zinazoishia chini ya goti, ambazo madaktari huwaandikia watu wenye miguu inayovimba au vena zilizotutumka, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Wengi hununua, wakahangaika nazo siku mbili tatu, kisha zikaishia kabatini. Mara nyingi soksi yenyewe haina ubaya: imevaliwa saa ambayo mguu umeshajaa, au kisigino hakikukaa mahali pake. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayoyakazania.

Shangazi yangu amekubali tutumie miguu yake. Shikamoo shangazi, na asante sana. Yeye ana duka, kutwa yuko kwenye stuli, na ikifika jioni viatu havimwingii.

Tazameni hapa juu ya muundi. Nabonyeza kwa kidole gumba, nahesabu taratibu hadi tano, naachia. Mnaona kishimo kimebaki? Hayo ni maji yaliyochuja kutoka kwenye mishipa yakakaa chini ya ngozi. Damu kushuka miguuni si kazi. Kurudi juu ndiko kwenye kazi: inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapopiga hatua, na ndani ya vena kuna vali zinazoizuia isiteremke tena. Vali zikilegea, au mtu akikaa kutwa bila kutembea, damu inatuama. Soksi hii imefumwa ibane zaidi kwenye kifundo, na mbano unapungua kadiri inavyopanda kuelekea goti, ndiyo maana inasaidia damu kupanda.

Sasa naomba msiruke sehemu hii, maana si kila mguu uliovimba unatakiwa soksi.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma, ukawa na joto, inawezekana damu imeganda ndani ya vena. Usiuchue, usiukande kwa maji ya moto, usivae chochote cha kubana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikianza kuchoma au pumzi ikakata, hiyo ni dharura, usisubiri hata kidogo.

Miguu yote miwili ikivimba na unakosa pumzi ukilala chali, moyo na figo vichunguzwe kwanza. Mama mjamzito ambaye uso na mikono vimevimba, kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, aende kituo cha afya sasa hivi, kwa sababu hizo ni dalili za hatari zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba. Na wanaotumia amlodipini kwa ajili ya presha, jueni kwamba dawa hiyo yenyewe huweza kuvimbisha vifundo. Usiiache kwa uamuzi wako, mweleze daktari, anaweza kubadilisha dozi au kukupa nyingine.

Kuna kundi jingine ninalolihofia zaidi. Una kisukari, au umevuta sigara miaka mingi, au shavu la mguu linakubana ukitembea na kuachia ukisimama, au nyayo zako ni baridi, au una kidonda kisichopona. Wewe ateri zako, mishipa inayoshusha damu miguuni, zipimwe kabla ya yote. Kipimo hakiumi: mhudumu analinganisha presha ya mkono na presha ya kifundo. Kama damu inayoshuka ni chache, soksi ya kubana itaipunguza zaidi, na mtu anaweza kupoteza vidole. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hatasikia hata kama soksi inamuumiza, kwa hiyo asivae bila ushauri.

Tukishavuka hapo, tupime. Kipimo kinachukuliwa asubuhi kabla mguu haujajaa, kwa futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko sehemu nyembamba kabisa juu ya kifundo, kisha sehemu nene ya shavu la mguu, halafu urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Pima miguu yote miwili, mara nyingi hailingani. Namba hizo linganisha na jedwali la kwenye pakiti. Ukubwa wa kiatu peke yake hautoshi.

Kwenye pakiti utaona pia nguvu ya mbano, kwa mmHg, kama tunavyopima presha. 15 hadi 20 ni hafifu, inamfaa anayesimama au kukaa muda mrefu, au anayepanda basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza. 20 hadi 30 ndiyo inayoandikwa sana kwa vena zilizotutumka na uvimbe unaorudi kila jioni. Hiyo isubiri ushauri wa daktari, na ile ya 30 hadi 40 usiiguse kabisa bila yeye. Soksi za mtumba ziache. Mpira wake umeshachoka, na hujui ilibana kiasi gani hata ilipokuwa mpya.

Haya, tuvae. Shangazi bado yuko kitandani, hajashusha miguu. Ngozi iwe kavu, mafuta alipaka jana usiku, si asubuhi hii, maana mafuta yanafanya soksi inase na yanaharibu mpira. Kikuku na pete tunavua, kucha tumezipunguza. Nami navaa glovu za mpira, hizi za kuoshea vyombo. Glovu zinashika kitambaa bila kukitoboa kwa kucha, ukiwa nazo umeshamaliza nusu ya kazi.

Naingiza mkono ndani ya soksi mpaka kwenye kisigino. Nakishika hicho kisigino kwa vidole, nageuza soksi nje ndani, lakini naishia hapo kwenye kisigino. Sehemu ya unyayo inabaki imejificha ndani, kama kifuko. Vidole vya shangazi vinaingia kwenye kifuko, natanua kwa vidole gumba, navuta hadi unyayo wote umeingia. Simameni hapa na mimi. Kisigino cha soksi kikae sawasawa juu ya kisigino cha mtu. Kikienda pembeni, mbano mkubwa unahama kutoka kifundoni, na huko juu kote kutapinda. Kikikataa, vua uanze tena.

Sasa naipandisha kidogo kidogo, kwa viganja, nikisugua kuelekea juu. Msivute ukingo wa juu kwa nguvu, itanyooka kupita kiasi na kubana goti. Inaishia upana wa vidole viwili chini ya mkunjo wa nyuma ya goti. Imezidi? Ishushe na kuisambaza upya. Usikunje ukingo hata siku moja: mkunjo unabana maradufu na kuizuia damu ileile tunayotaka ipande. Malizia kwa kulainisha makunyanzi yote, hasa mbele ya kifundo.

Kama soksi yako iko wazi vidoleni, tanguliza mtandio mwembamba wa satini kwenye unyayo, soksi itateleza juu yake, kisha uvute mtandio utokee mbele. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia mfuko wa plastiki, ila kwetu Tanzania umepigwa marufuku tangu Juni 2019, na satini inafanya kazi vizuri tu.

Najua Waislamu wengi mtauliza: nimeamka alfajiri, nimetawadha, nimeswali, nimeshasimama, itakuwaje? Rudi ulale, inua miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, dakika 15 hadi 20, halafu vaa. Mchana ukivua kwa ajili ya udhu, fanya hivyo hivyo kabla ya kurudisha. Kuhusu kupangusa juu ya soksi, wanazuoni wana maoni tofauti, muulize shehe wako.

Ukishavaa, angalia vidole. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Vikiwa vya bluu, baridi, au vinakufa ganzi, vua mara moja. Kubanwa utakusikia, maumivu hayatakiwi. Na soksi haifanyi kazi peke yake: shangazi, kila baada ya muda hapo dukani inua visigino, shusha, inua, shusha, mara 10 au 20, ili hilo shavu la mguu lisukume damu.

Wenye matende, ninyi hitaji lenu ni tofauti kidogo. Kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole na kuuinua ndiyo msingi. Mbano wenu upangwe na mhudumu.

Usiku vua, isipokuwa daktari amesema vingine. Shika ukingo, teremsha taratibu, kagua ngozi kama kuna mchubuko, ndipo upake mafuta. Fua kwa mkono kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, bila jiki. Usikamue kwa kusokota, ikandamize ndani ya taulo, uanike kivulini. Ukiwa na jozi mbili moja inakauka nyingine umevaa. Baada ya miezi mitatu hadi sita ya kuvaa kila siku mpira unalegea, na utaijua siku itakapoingia mguuni bila kukusumbua. Hapo pima mguu upya ndipo ununue nyingine, kwa sababu uvimbe ukipungua namba zako zinabadilika.