Kombe la Hart: Thamani ya Mchezaji Hupimwaje?

Mabibi na mabwana, karibuni. Kila Aprili, msimu wa kawaida wa hoki ya barafu katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, unapomalizika, mabishano huwa yale yale: nani apewe Kombe la Hart? Wengi hukimbilia jedwali la pointi za wachezaji, ambamo kila bao au pasi ya bao ni pointi moja, wakamtaja aliye kileleni, basi. Lakini huyo tayari ana kombe lake, la Art Ross, lisilohitaji kura. Nao wachezaji humchagua wenyewe mwenzao aliyetia fora, wakampa Tuzo ya Ted Lindsay. Hart, iliyoanza kutolewa 1924, hupigiwa kura na waandishi wa hoki, nayo ni ya mwenye thamani kubwa kuliko wote kwa timu yake. Hilo la "kwa timu yake" ndilo linalogombanisha watu.

Chukueni msimu wa 2017-18. Connor McDavid wa Edmonton aliongoza ligi kwa pointi 108, Taylor Hall wa New Jersey akawa na 93. Hart ikaenda kwa Hall. Lifungueni jedwali la New Jersey: aliyemfuata, kinda Nico Hischier, alikuwa na 52. Pengo la 41! Timu ikapenya mtoano kwa pointi 97 za msimamo wa ligi, huku Florida wenye 96 wakibaki nje. Edmonton nao walibaki nje. Wachezaji walimpa McDavid tuzo ya Lindsay, na hapo sioni kosa la upande wowote.

Hata hivyo, hoja ya pengo ina hila. Ukiifuata kikasuku, unamwadhibu mtu kwa kuwa na wenzake wazuri. Leon Draisaitl alitwaa Hart ya 2020 kwa pointi 110, na wa pili katika ligi nzima, mwenye 97, alikuwa McDavid, mwenzake wa timu moja.

Pointi zenyewe nazo zichambuliwe. Bao moja huweza kuhesabiwa pasi mbili, na ile ya awali mara nyingine ni kusukuma tu kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kutoka ukuta wa nyuma. Tenganisheni pia pointi zilizopatikana timu zikiwa watano kwa watano na zile za dakika ambazo mpinzani mmoja yuko kwenye kizimba cha adhabu na timu yake imepungukiwa. Kisha gawanyeni kwa dakika alizocheza. Anayekaa barafuni dakika 22 kwa mechi hana budi kumzidi wa dakika 17. Ile hesabu ya mabao yaliyofungwa na kufungwa mchezaji akiwa uwanjani msiitegemee: kipa mbovu huiharibu bila kosa la mshambuliaji.

Tukifika kwa makipa, wapiga kura wengi huingiwa na ubahili, wakisema kipa ana kombe lake la Vezina. Mimi siikubali hoja hiyo, maana masharti ya Hart hayamtengi kipa. Mtazameni Connor Hellebuyck wa Winnipeg, 2024-25: ushindi 47, na asilimia 92.5 ya mashuti aliyazuia, wakati wastani wa ligi ulikuwa kama 90. Tofauti ya 2.5 inaonekana ndogo? Kwa mashuti zaidi ya 1,600, ni mabao kama 40 ambayo kipa wa kawaida angeyaruhusu. Kabla ya kushangilia, angalieni mabeki wake walimwachia mashuti ya namna gani, maana shuti la mbali lisilozibwa macho si sawa na la mita mbili mbele ya goli. Alishinda Hart, kipa wa kwanza tangu Carey Price 2015. Katika raundi ya kwanza ya mtoano alitolewa golini akabadilishwa katika mechi zote tatu zilizochezwa St. Louis, lakini kura zilikuwa zimeshapigwa. Msimu wa kawaida pekee ndio unaohesabiwa.

Sasa karatasi ya kura. Mwandishi anaandika majina matano, na pointi ni 10, 7, 5, 3 na 1. Kosa kubwa ni kumfikiria wa kwanza kwa wiki nzima, halafu wanne waliobaki ukawajaza kwa dakika mbili. Mwaka 2002 kipa José Théodore wa Montreal na mshambuliaji Jarome Iginla wa Calgary walilingana kabisa kwa pointi za kura. Kombe lilikwenda kwa Théodore kwa sababu ya kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza. Mpiga kura mmoja tu angempandisha Iginla nafasi moja, mshindi angekuwa yeye.